Jina Alilotaja Bibi wa Singa

Pikipiki ilikwisha kuupita mstari wa mwisho wa mikonge na kushika barabara ya Tanga mjini, na Benedikta bado alikuwa akiikimbiza kwa nyuma, kanga mkononi, kichwa wazi.

"Laurenti! Kaka! Matanga yanaanuliwa leo alasiri, unakwenda wapi?"

Laurenti hakugeuza hata shingo. Alikaa nyuma ya Zubeiri, na ndani ya shati alikuwa amekumbatia bahasha ngumu ya posta kama mtu aliyebeba kifaranga. Mama yake, Imakulata, alizikwa juzi. Bahasha ilifika kambini kwa wakataji mkonge asubuhi hiyo, jina la marehemu limeandikwa juu yake.

"Dada yako anatuita," Zubeiri alisema, akapunguza mwendo.

"Twende."

"Au anataka nimuoe? Mwambie asubiri, mimi bado niko edani kwa ajili ya mama yake."

Laurenti akacheka. Hakucheka kwa kupenda. Zubeiri alikuwa Mzigua, na Laurenti Mnyamwezi, mjukuu wa watu walioletwa pwani kukata mkonge, na baina ya makabila hayo mawili kuna utani wa tangu zamani. Mtani haombi ruhusa. Juzi makaburini, kabla jeneza halijashushwa, Zubeiri aliruka ndani ya kaburi, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe viatu vya marehemu, kwa kuwa "mke wangu huyu alikuwa na miguu kama makasia, na mimi nataka kwenda kuvua." Akapewa. Akavivaa palepale, akatembea mwendo wa Imakulata, ule wa kuchechemea mguu wa kushoto, watu wakawa wanalia na kucheka kwa pamoja. Anayemkasirikia mtani msibani hutozwa faini, lakini faini si kitu. Kitu ni ile aibu ya kuonekana hukulelewa. Basi Laurenti alicheka makaburini, akacheka na barabarani.

Ndani ya bahasha mlikuwa na diski ya gemu.

Gemu lenyewe linaitwa Waliozikwa. Limetoka la kwanza hadi la tano, na vijana wa Chumbageni, mtaa wa Tanga mjini, wamekua nalo mpaka wameota ndevu. Katika yale matano maadui ni maiti waliofufuka. Wanatembea kama walevi, wanaguna, na hawajui kufungua mlango. Unawatazama kutoka juu, kama uliyejificha darini. Risasi chache, milango mingi. Laurenti alilimaliza la tano bila kufyatua risasi hata moja, kazi yake ilikuwa kufunga milango tu, na mpaka leo ana miaka thelathini na minne watu wa Chumbageni wanamwita Fundi Milango. Hana sifa nyingine duniani.

Waliolitengeneza, wa nchi za mbali, waliona watu wameanza kulichoka. Wakavunja kila kitu wakaanza upya. Katika la sita maiti hawamo. Maadui ni watu wazima wenye pumzi zao, wafanyakazi wa shamba la mkonge lililolaaniwa, wana mapanga, wanakimbia, wanaitana. Na hukai tena darini. Unatazama kutoka begani kwa mtu wako, karibu kabisa, mpaka unaona jasho la anayekuja kukuua. Kwa ajili hiyo wakahitaji sauti za lugha ambayo wanunuzi wao hawaielewi, maana kisichoeleweka kinatisha. Mwaka jana watu wawili walikuja pwani kutafuta sauti, na Imakulata akachaguliwa. Mpishi wa kambi yule, miaka thelathini aliita wakataji waje kula, sauti yake ikivuka mistari arobaini ya mikonge bila kupungua.

Alirudi siku hiyo anacheka. "Nimekuwa jini, mwanangu. Wamenipiga picha na mwendo wangu huu huu. Nywele zangu ni singa za mkonge, zile nyuzi nyeupe, mpaka magotini. Naua watu kwa panga."

"Na unasema nini mle, mama?"

"Waliniambia niseme lolote. Nikasema yale ninayokwambia kila siku ya Mungu."

"Ukiuawa je?"

"Wakasema, taja mtoto wako, kama mama anayekata roho. Nikataja mtoto."

"Umetaja jina kabisa?"

"Kwa sauti kubwa," Imakulata akasema, akacheka mpaka akashika ubavu, na zaidi ya hapo hakusema.

Laurenti alilishika neno hilo kama mtu anavyoshika kamba kisimani. Alipewa jina la baba yake, na baba yake alipoondoka kambini na mwanamke wa Muheza, Imakulata aliliacha jina lile kama unavyoacha chungu kilichopasuka. Miaka ishirini na tisa alimwita "wewe", na siku za furaha "mwanangu". Laurenti hakumsikia akisema Laurenti. Sasa amekufa ghafla, hospitali wamesema ni presha, na jina limo ndani ya diski. Alitaka kulisikia mara moja tu. Njia ya kulisikia ilikuwa moja: amuue.

*

Banda la gemu la Tahiri liko mtaa wa ndani Chumbageni, runinga tatu, mabenchi manne, pazia la gunia mlangoni. Ilikuwa saa nne asubuhi na watu walishajaa.

"Shikamoo, Mzee Tahiri."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba. Umekwisha?"

"Unaanuliwa alasiri."

Tahiri alimtazama mtu aliyeacha msiba haujaanuliwa, akaifuta runinga kubwa kwa kiganja, akaipokea diski. Jalada lilipoonekana, benchi zima lilisimama. La sita lilikuwa halijafika Tanga.

"Fundi Milango karudi!" akasema Sele, kijana wa kutengeneza simu, asiyeachia simu yake hata akila. "Kaeni, tusome darasa."

Laurenti akashika pedi ya kuchezea. Mtu wake alishuka kwenye lori katikati ya mikonge, jua kali, kimya. Wakataji wawili wakamwona. Laurenti akafanya alichokifanya miaka yote: akakimbilia kibanda, akafunga mlango.

Nje sauti ikasema kwa Kiswahili cha hapahapa, "Yumo humu. Wewe zunguka nyuma." Panga likapita kwenye ubao wa mlango, la pili likapita shingoni.

Benchi likaangua kicheko. "Maiti walikuwa wajinga, kaka," Sele akasema. "Hawa wa siku hizi wana akili kuliko bingwa."

Alirudi. Akafunga mlango mwingine, akafa. Kidogo kidogo akajifunza kukimbia, kurusha teke, kudaka panga mkononi mwa mtu kabla halijashuka. Ilikaribia adhuhuri alipoingia kiwanda cha kuchakata mkonge. Mashine zimesimama. Juu ya kamba zimeanikwa singa, nyeupe, ndefu, na baina ya singa zile, fungu moja likaanza kutembea.

Lilikuja likichechemea mguu wa kushoto.

"Njoo ndani, mwanangu," Imakulata aliita. "Njoo ule. Kumeshaingia giza, nani atakutafuta?"

Tahiri alivua kofia yake. Wengi mle waliwahi kula chakula cha Imakulata, na huko ng'ambo mtu angesikia mizuka inalaani, lakini Chumbageni walisikia mama anaita mtoto aje ale.

"Alaa!" Zubeiri akapaza sauti. "Mke wangu huyo! Jamani, nywele kasuka lini?"

Hapo kicheko kikarudi, na Sele akampa jina, Bibi wa Singa.

Laurenti alikuwa na bunduki mkononi, imejaa. Kidole hakikubali. Bibi wa Singa akamfikia, akamshika nywele kwa upole kabisa, akamchinja. Akarudi. "Njoo ule." Akamchinja. Mara kumi na moja.

"Mpige!" Zubeiri alimpigia kelele sikioni. "Mama yako keshazikwa, unaogopa kumuua mara ya pili?"

Laurenti akaweka pedi chini. "Cheza wewe," alimwambia.

"Mimi? Bure bure?" Zubeiri akakunja miguu juu ya benchi, na miguuni alikuwa amevaa vile viatu. "Niombe kitani. Sema: Mzigua bwana wangu, niulie mama."

Watu walicheka. Laurenti alitazama sakafu. Kukasirika hakuruhusiwi, na jina limo mle ndani.

"Mzigua bwana wangu, niulie mama."

"Sele hajasikia."

"Mzigua bwana wangu, niulie mama!"

"Sasa umelelewa," Zubeiri akasema, akachukua pedi.

Yeye hakuwahi kuwa bingwa wa yale ya zamani, alikosa subira ya milango. Hili lilikuwa la kwake. Alimpiga Bibi wa Singa risasi ya goti la kushoto, akaanguka. Akampiga la kulia. Bibi akaanza kutambaa, singa zinaburura vumbi, anaita aje ale, na Zubeiri anamrudisha mtu wake nyuma hatua mbili mbili. "Njoo wewe, mke wangu, wali uko huku. Njoo. Njoo upakue." Akamzungusha kiwanda kizima. Watu wawili waliinuka wakatoka nje.

"Maliza," Laurenti alisema.

"Mtani huaga hivi, tulia."

"Maliza, Zubeiri."

Zubeiri akamwacha Bibi afike karibu, akalidaka panga lake, akaligeuza, akalizamisha. Kioo kikausogeza uso wa yule mama mpaka ukajaa runinga yote. Laurenti aliinama mbele. Midomo ikafunguka.

"Zubeiri!" Imakulata alilia, sauti ile ya mistari arobaini. "Zubeiri mwanangu, umeniua! Umeniua, Zubeiri!"

Akafa.

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Zubeiri mwenyewe, alicheka mpaka akadondoka benchini. "Mnaona? Hata huko alikokwenda ananitaja mimi! Wanawe kawasahau!" Akarudisha nyuma akamuua tena. Akamuua mara ya tatu, na hiyo ya tatu Sele aliinua simu akairekodi, sauti na uso, akairusha kwenye kundi la watu wa kambi, akaandika chini yake: Marehemu kasema.

Laurenti alikuwa keshatoka. Alisimama barazani, akatazama kuku wa jirani wakichakura. Hakulia. Alikuwa akiwaza tu kwamba amejivua haya mbele ya watu, amemuomba mtu amuulie mama, na jina lililotoka ni la mtu huyohuyo.

*

Saa tisa kasoro Benedikta alipiga simu.

"Kaka, nisikilize vizuri, usinikatize. Ile picha ya Sele imefika huku. Nusu ya watu hawajui gemu ni mdudu gani, wanasikia sauti ya mama inasema Zubeiri kaniua. Wamekumbuka yule pweza."

"Pweza gani?"

"Pweza wa Ushongo! Zubeiri alimletea mama Jumapili, Jumanne mama akaugua. Na mimi nilikula yule pweza, nimewaambia, hawasikii. Wamekata mirunda, miti mizito, kaka. Wanamngoja."

Laurenti aliibana simu sikioni.

"Nilikuwa naye mama siku ile ya kurekodi," Benedikta aliendelea. "Walimwambia ataje mwanawe. Akakataa. Akasema, siwezi kumtaja mwanangu kwenye kifo, hata kiwe cha uongo, nitamwitia mkosi. Akaazima mtoto wa mtani, kwa sababu mtani mkosi haumshiki. Njia nzima alikuwa anacheka, anasema siku Zubeiri akisikia atadai kuku. Basi ni hilo tu, ni utani. Mwambie Zubeiri asije. Wewe njoo peke yako uwaambie, wewe ndiye mkubwa, mimi hawanisikilizi."

"Nimesikia."

"Utawaambia?"

"Nimesikia, Benedikta," akasema, akakata.

Zubeiri alitoka akifuta macho kwa kicheko. "Nani huyo?"

Laurenti aliitia simu mfukoni taratibu. "Benedikta. Anasema tuwahi. Anayesubiriwa ni mtani."

"Si ndiyo? Bila mimi msiba hauishi." Ni kweli, kwa desturi yao mtani ndiye anayefagia uwanja siku ya kuanua, akayazoa majivu ya moto wa msiba na kukunja mikeka. Zubeiri akawasha pikipiki.

Njiani upepo ulikuwa wa upande, na walipofika kwenye mikorosho Zubeiri alisema bila kugeuka, safari hii kwa sauti ya kawaida, "Mtani, nimekutesa leo. Ni kazi yetu. Lakini mama yako alikuwa mtu. Babangu alipokufa, yeye ndiye aliyelala kaburini kwetu, akakataa kutoka. Nikimaliza kufagia nitavirudisha viatu vyake."

Palikuwa na nafasi ya kusema hapo. Laurenti aliiona kabisa ilivyokuwa pana. Mikorosho ikaisha, mikonge ikaanza.

Watu walikuwa wamesimama uwanjani wengi kuliko siku ya mazishi. Zubeiri hakuona ajabu. Alishuka, akachukua ufagio wa chelewa, akaanza kufagia huku anachechemea mguu wa kushoto. "Wanyamwezi, ondoeni miguu! Nyumba ya mke wangu chafu kama pua ya ng'ombe!"

Mjomba Hosea, kaka wa marehemu, alisogea mpaka kwa Laurenti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nakuuliza mbele ya watu, na wewe ulikuwepo. Mama yako kamtaja huyu?"

"Kamtaja."

"Kasema kamuua?"

"Kasema."

"Sema na mengine!" Benedikta alipiga kelele kutoka kibarazani, wanawake wamemshika mikono. "Laurenti, sema na mengine niliyokwambia!"

Laurenti alimtazama dada yake. "Mimi mengine sikuyasikia."

Zubeiri alikuwa amesimama na ufagio, anatabasamu. "Leo mmenipata, watani. Haya, faini shilingi ngapi?" Mrunda wa kwanza ulimpata mgongoni, naye akacheka, maana mtani hakasiriki. Wa pili ukampata bega, akacheka na huo, akasema, "Taratibu, bwana, huu utani wenu wa shambani." Wa tatu ndio uliomnyamazisha. Ulipompata wa nne, akamwita Laurenti. Alimwita kwa jina, mara nyingi, kwa sauti kubwa, na siku ile hakuna mwingine aliyelitaja jina hilo kwa haja kubwa namna hiyo.

*

Zubeiri hakufa. Jicho la kushoto halioni, na vidole vya mkono wa kulia havikunjiki. Pikipiki ilichomwa palepale. Mkewe, Mwamvua, alimhamishia Ushongo kwa shangazi zake, na huko Zubeiri anachunga boti za wageni zisiibwe. Akisalimiwa na Mnyamwezi hujibu salamu, basi.

Mjomba Hosea alikimbilia Tabora wiki ileile, na hajarudi. Waliobaki hakuna aliyekwenda kutoa ushahidi.

Sele aliifuta ile picha, lakini ilikwisha kuenea. Sasa ana duka la simu.

Tahiri aliliweka gemu kabatini mwezi mmoja, kisha akalitoa, wateja walilitaka. Vijana wapya wanamuua Bibi wa Singa kila siku na hawajui alikuwa nani. Wakisikia anavyolia, wanauliza Zubeiri ndiyo nini.

Benedikta anapika katika kituo cha utafiti kule Amani. Alimweleza Mwamvua kila kitu, mpaka ile simu ya saa tisa kasoro. Na kaka yake hazungumzi tena.

Kiatu kimoja cha Imakulata kilipotea. Mikeka ya msiba haijakunjwa na mtani yeyote, iliozea uwanjani kwa mvua.

Laurenti yuko kambini, anapima mafungu ya mkonge. Amejinunulia mashine yake ya gemu. Jumapili mchana hulicheza la sita mpaka kiwandani, huingia chumba cha mizani, akafunga mlango. Bibi wa Singa husimama nje akamwita mwanawe aje ale. Ubao wa mlango huo unahimili dakika mbili na nusu.